Jioni ya Gitaa Kavu katika Bustani ya Umma

Ipo nchi moja nzuri sana, jina lake sitalitaja, na msomaji atakayedhani naisema yetu atakuwa na mambo yake mwenyewe. Katika nchi hiyo umeme uliondoka siku moja saa ya chakula cha mchana, bila kuaga, na watu wakakaa wakiungojea kama mgeni aliyesema anafika dukani mara moja. Wiki zikapita. Miezi ikapita. Wananchi wakaanza kunung'unika, si kwa ubaya, kunung'unika tu.

Serikali ya nchi hiyo ni sikivu mno. Ikisikia mnung'uniko hailali. Ndipo Mheshimiwa Waziri wa Utulivu na Burudani akaja mpaka Mtaa wa Mabatini, akapanda juu ya gari lake, akahutubia.

"Ndugu zangu wananchi! Umeme ni nini? Umeme ni kelele! Friji inanguruma. Redio inabwata. Feni inazunguka usiku kucha kama mtu aliyepotelewa. Serikali yenu, baada ya utafiti wa kina na safari tatu za nje, imeona iwapumzishe. Na ili mpumzike vizuri, Jumamosi tunawaletea jioni ya muziki usiotumia umeme hata chembe. Gitaa kavu! Sauti ya mtu! Katika bustani yenu wenyewe!"

Tukapiga makofi. Makofi nayo hayatumii umeme.

*

Bustani aliyoisema ni Bustani ya Umma, iliyo nyuma ya mtaa wetu. Mabatini ni mabati juu, mabati ubavuni, na kiangazi kikifika chumba huwa sufuria iliyofunikwa. Ndiyo maana kila jioni kina mama huwabeba watoto wakaenda kukaa nao chini ya miti ya mikungu, kwenye nyasi, mpaka nyumba zipoe. Hakuna aliyetupangia. Joto ndilo lililotupangia.

Kati ya kina mama hao alikuwapo Nuriyati, binti mwembamba anayecheka kabla hujamaliza kusema. Mwanawe Hijja alikuwa wa miezi minane, na kiangazi kile kilipoanza alishikwa na degedege mara mbili, macho yakamgeuka, mama yake akadhani ndiyo basi. Nesi alimwambia waziwazi: "Mtoto huyu usimfungie kwenye mabati jioni. Mtoe, apate ubaridi. Dawa nyingine sina." Basi Nuriyati akaishika bustani ile kama mtu anavyoshika cheti cha hospitali. Mvua ya manyunyu, yuko. Siku ya sikukuu, yuko.

Mumewe, Sadala, alikuwa mpiga gitaa. Alipiga kwenye mabaa miaka nenda miaka rudi, nyuma ya maspika makubwa kama makabati, na hakuna aliyewahi kumsikia hata mara moja. Hapo bustanini jioni alimpigia mwanawe wimbo wa kubembelezea alioutunga mwenyewe, mfupi, beti mbili tu. Akimaliza huliweka gitaa chini, humnyanyua Hijja juu, na Hijja hucheka. Mtoto aliujua wimbo mpaka mwisho wake.

Sasa lazima niseme jambo moja la sheria, nalo ni zuri pia. Nchi hiyo ina Sheria ya Maridhiano. Serikali haiwezi kuchukua mali ya umma mpaka kwanza ifike mahali penyewe, iwaulize watu mara tatu, kwa sauti ya kibinadamu, kama wana pingamizi. Wasipopinga, wameridhia. Sheria ya upole kabisa. Na bustani yetu ilikuwa imetamaniwa siku nyingi, iwe Kituo cha Mapumziko cha Viongozi, kwa kuwa viongozi nao wanasikia joto. Mawaziri watatu waliotangulia walikuja kutuuliza, na wanawake wa Mabatini waliwajibu. Waziri wa kwanza alijibiwa mpaka kofia ikamdondoka. Wa tatu alijibiwa akiwa bado hajashuka garini.

Waziri huyu wa sasa hakuuliza kitu. Alileta muziki. Ndiyo maana tulimpenda.

*

"Mama Hijja," Sadala alisema jioni moja, amesimama mlangoni, "nimeitwa Wizarani."

"Umefanya nini?"

"Sijafanya kitu. Nimechaguliwa. Jumamosi napiga mimi. Peke yangu, bila spika hata moja."

Nuriyati akapiga kigelegele mpaka mtoto akashtuka. "Haya, watakusikia sasa! Mbona uso umekushuka?"

"Nawaza tu. Gitaa kavu linataka ukimya. Mtu mmoja akisema nyuma huko, basi, limekufa. Na watu wetu unaijua midomo yao."

"Midomo yao niachie mimi."

Akamfunga Hijja mgongoni, akaenda nyumba kwa nyumba. Alianzia kwa Mama Chausiku, muuza vitumbua, mwanamke aliyeiangusha ile kofia ya waziri wa kwanza.

"Ninyamaze? Mimi?" Mama Chausiku aliuliza. "Mwenzio hata kuzaa nilizaa nikisema."

"Kwa ajili ya Sadala tu, dada. Siku moja. Asikike na yeye."

Mama Chausiku akageuza kitumbua, akafikiri. "Kwa ajili ya Sadala sawa, ni mtoto wetu. Lakini apige vizuri. Ukimya wangu mimi si wa kuokota."

Na kwingine ikawa hivyohivyo. Wakacheka, wakamtania, wakakubali. Mtaa mzima ulimwahidi Nuriyati kunyamaza.

*

Maandalizi yalifanywa kitaalamu. Wizara iliunda Kamati ya Ukimya, vijana wenye glovu nyeupe na soksi zilizovalishwa juu ya viatu ili wasisikike wakitembea. Karanga na bisi zikapigwa marufuku. Baada ya majadiliano marefu, ndizi mbivu ikatangazwa kuwa chakula tulivu cha taifa. Vyura wa kwenye mtaro walihamishwa kwa lori usiku, wakiwa na msindikizaji. Kunguru walipewa onyo la maandishi lililobandikwa juu ya mti.

Jumamosi, kila aliyefika getini alitakiwa akohoe kikohozi chake chote kabla ya kuingia.

"Mimi sikohoi," Mama Chausiku alimwambia kijana wa Kamati.

"Huwezi kujua, mama. Kohoa cha akiba."

Akakohoa. Tukakohoa wote, kwa foleni, kwa nidhamu. Ilikuwa foleni nzuri kupita zote tulizowahi kupanga, maana mwisho wake tuliingia kweli.

Na jamani, bustani ilipendeza! Karabai zilitundikwa kwenye matawi. Upepo ulikuwa unapita chini ya mikungu. Tulitandika mikeka, watoto wakalazwa katikati, na mbele, juu ya kiti cha kawaida cha mbao, akakaa Sadala wetu na gitaa lake. Mheshimiwa Waziri alikaa pembeni, kwenye kochi lililoletwa na gari. Nyuma ya kochi alisimama Bwana Fereji, Afisa Mkuu wa Maridhiano, na karatasi mkononi. Sisi tulidhani ni majina ya nyimbo.

Sadala akapiga. Niwaambie ukweli, sitaki kumwonea: alipiga vizuri. Hatujawahi kuusikia uzi mmoja mmoja namna ile. Mtu angesikia ukucha unavyougusa uzi. Wanaume waliozoea kumwita "yule anayekaa nyuma ya spika" walitikisa vichwa. Nuriyati alikaa mkeka wa mbele, Hijja mapajani, machozi yanamtoka na anacheka. Na kimya, kimya! Alikuwa akigeuka nyuma kutuangalia, macho yake yanatushukuru mmoja mmoja.

Halafu Sadala akaanza wimbo wa Hijja.

Alipofika ubeti wa pili, Bwana Fereji alisogea mbele kwa soksi zake, akafungua karatasi, akasoma. Alisoma kwa sauti ya kibinadamu, ya chini, ya adabu, asije akaharibu muziki: "Kwa mujibu wa Sheria ya Maridhiano, Serikali inakusudia kuitwaa Bustani hii kwa ajili ya Kituo cha Mapumziko cha Viongozi. Kuna mwenye pingamizi?"

Tulisikia. Msije mkafikiri hatukusikia. Tulisikia vizuri sana, ndiyo raha ya muziki usio na spika. Mama Chausiku alifumbua mdomo mpaka mwisho. Lakini kijana wa Kamati aliweka kidole chenye glovu mdomoni mwake mwenyewe, kisha akamwonyesha Sadala: anapiga, mama. Na kweli Sadala alikuwa anapiga. Mama Chausiku akamtazama Nuriyati, akakumbuka ahadi, akaufunga mdomo. Angejibu wimbo ukiisha. Sote tulikata shauri hilohilo bila kuambiana. Wimbo wenyewe beti mbili tu, na wa pili ndio huo unakwisha.

Haukwisha. Ubeti wa pili ulipofika mwisho, Sadala aliurudia wa kwanza.

"Kwa mara ya pili," alisema Bwana Fereji, "kuna mwenye pingamizi?"

Sadala akarudia tena. Hapo Nuriyati akamwona mumewe haangalii nyuzi. Anamwangalia Bwana Fereji mikono.

Hijja ndiye aliyeshindwa kuvumilia. Yeye alikuwa hajamwahidi mtu. Alijua wimbo ulikuwa umekwisha, alijua baba anatakiwa aweke gitaa chini amnyanyue, na baba hafanyi. Akanyoosha mikono, akangoja, kisha akalia. Alilia kwa nguvu zote za miezi minane, akasikika bustani nzima, mpaka kochini kwa Waziri.

Vijana wa Kamati walikimbia kimyakimya kutoka pande zote. Waziri akageuza shingo. Nuriyati aliona watu wote wanamtazama, akaona mumewe amesikika mara moja tu maishani na mwanawe anamharibia, na mkono wake ukafanya kile ambacho mkono wa mama hufanya kabla kichwa hakijaulizwa. Akafungua kifungo cha blauzi, akampa mtoto ziwa. Hijja akanyamaza.

"Kwa mara ya tatu," Bwana Fereji alisema katika kimya kile kizuri. Akangoja. Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni, akampa Sadala ishara ya kichwa.

Na wimbo ukaisha.

*

Tulisimama sote kwa pamoja. Mnaweza kuwaza yaliyosemwa. Mama Chausiku peke yake alisema ya watu kumi.

"Ndugu wananchi, mmechelewa," Bwana Fereji alijibu kwa huruma. "Muda ulitolewa. Mlikuwa na nafasi tatu, zenye muziki ndani yake. Nchi ngapi zinawauliza watu wake kwa gitaa?"

"Tulinyamaza kwa heshima ya mpigaji!" Mama Chausiku alipaza sauti.

"Na Serikali inaithamini heshima hiyo. Kwa kumbukumbu, lilijitokeza pingamizi moja, lenye nguvu, kutoka mkeka wa mbele." Akamwinamia Nuriyati kidogo, kama mtu anayetoa pongezi. "Lakini liliondolewa papo hapo na mzazi wake, kwa kunyonyeshwa."

Waziri alipiga makofi. Asubuhi seng'enge ilikuwa imekwisha kuzungushwa, nayo haikutumia umeme.

*

Sadala alirudi nyumbani siku ya pili mchana, amevaa suti iliyomzidi mabega na beji iliyoandikwa Mpiga Gitaa wa Taifa. Nyumba zetu mabati ni mabati. Yaliyosemwa kwao tuliyasikia sote.

"Ulijua?" Nuriyati alimwuliza.

"Nilijua kidogo."

"Kidogo ni kiasi gani?"

"Niliambiwa nisimalize mpaka afunge karatasi. Sababu hawakuniambia. Sababu niliiona mwenyewe."

"Ukaniacha nizunguke mtaa mzima kuwaziba watu midomo."

"Mama Hijja, nisikilize. Bustani wangeichukua tu, leo au kesho. Mimi nimewaza mtoto. Tazama." Akatoa kadi. "Familia ya Mpiga Gitaa wa Taifa inaruhusiwa kuingia kila jioni. Hijja atakaa palepale, chini ya mti uleule. Nimeifanya kwa ajili yake."

Shavu la mtoto lilikuwa la moto, na mabati yalikuwa yanalia kwa jua, ta, ta, ta. Nuriyati alikaa akimpepea kwa pindo la kanga mpaka Sadala alipoondoka kwenda kazini. Kisha akaichukua kadi.

Alikuja nayo kwa Mama Chausiku, na hapo nikaona kwamba bado ana tumaini, maana alikuwa amechana nywele.

"Waite wenzetu waje na watoto," alisema. "Twende wote. Tutasema watoto wote ni wa Sadala."

"Uso wa kuja kwangu umeutoa wapi wewe?" Mama Chausiku alimwuliza, lakini tayari alikuwa anamfuta mjukuu wake makamasi. "Na huyo mumeo akiwakana watoto?"

"Hatawakana. Sadala si mtu mbaya, dada, alitishika. Na wala hatuhitaji aseme neno. Anyamaze tu. Kwa sheria yao wenyewe, aliyenyamaza ameridhia."

Mama Chausiku akampakata mjukuu wake kiunoni. "Hiyo shule ya Jumamosi jioni haikukupotezea wakati," akasema.

*

Getini askari aliipokea kadi, akaigeuza, akatuangalia. Tulikuwa kina mama wa mtaa mzima, kila mmoja na wake kiunoni.

"Hawa wote ni wa Mpiga Gitaa?"

"Wote," alisema Nuriyati.

"Kijana mwenye bidii," askari akasema, akaenda kumwita Bwana Fereji.

Bwana Fereji alikuja, akatusikiliza kwa adabu yake. Hakuwa mtu wa kuvunja sheria. Alifungua geti nusu ili tuone mpaka ndani. Waziri na wageni wake walikuwa wamekaa kwenye nyasi zetu wakinywa maji ya matunda, na Sadala alikuwa kwenye kiti chake anakaza nyuzi.

"Mheshimiwa Mpiga Gitaa," Bwana Fereji akasema, "watoto hawa inasemekana ni wako. Una pingamizi?"

Sadala aliinua uso. Alituona. Hatukuwa mbali, alimwona Mama Chausiku, aliyempa vitumbua tangu ana kaptura, aliwaona watoto wekundu kwa harara, alimwona mkewe. Hakusema kitu.

"Kwa mara ya pili, una pingamizi?"

Kimya. Waziri alishusha bilauri yake. Nuriyati alikuwa anamtazama mumewe kama alivyomtazama Jumamosi, midomo imeanza kucheka. Kilichobaki ni kidogo mno. Alitakiwa asifanye chochote. Alitakiwa atufanyie sisi kile tulichomfanyia yeye.

"Kwa mara ya tatu."

Sadala alimwangalia Waziri. Akakohoa, nadhani alisahau kukohoa getini.

"Wangu ni mmoja," akasema.

Alisikika vizuri.

Nuriyati alisimama pale kidogo, mdomo bado una umbo la kile kicheko. Kisha akauingiza mkono getini, akaiweka kadi mkononi mwa askari.

"Mwambie sasa hana hata huyo."

*

Jua lilikuwa linazama na mabati yalikuwa hayajapoa. Tulivuka barabara. Huko ng'ambo ndiko iliko Wizara ya Utulivu na Burudani, na Wizara hiyo ina baraza pana la marumaru, ambalo jioni hakuna anayelikanyaga. Mama Chausiku aliugeukia mlango uliofungwa, akauuliza kwa sauti ya kibinadamu kama una pingamizi watoto walale hapa. Akauuliza tena. Akauuliza tena. Mlinzi alipofika anakimbia tulikuwa tumekwisha kutandika kanga.

"Nani kawaruhusu?"

"Mlango," alisema Mama Chausiku.

Mlinzi akaenda kutafuta mkubwa wa kumwambia, na wakubwa wote walikuwa bustanini. Nuriyati alimlaza Hijja chali juu ya marumaru, akamvua shati. Mtoto alishtuka kwa baridi, kisha akatulia, kisha akalala. Nuriyati yeye hakulala. Hakulia pia. Alikaa na mkono wake juu ya tumbo la mtoto, linapanda, linashuka.

Asubuhi tulirudi Mabatini, naye akaingia ndani akafunga.

Sadala akaja. Suti ilikuwa imekunjamana, gitaa liko begani. Alisimama mlangoni kwake, mtaa mzima unafagia na kumtazama, akabisha.

"Hodi."

Ndani tulimsikia Hijja anaguna, na mama yake anambembeleza.

"Hodi, Mama Hijja."

Hakuna aliyejibu.

"Hodi."

Kwetu mtu hubisha mara tatu. Asipoitikiwa, hugeuza njia akaenda zake, na hilo hata mtoto mdogo hufundishwa. Lakini Sadala sasa ni mtu wa Serikali, na Serikali inasema aliyeulizwa mara tatu akanyamaza, ameridhia. Basi akabaki pale juani, mkono juu karibu na mlango, hajui afuate sheria ya nchi au malezi ya mama yake.